Nakshi Isiyoweza Kukosewa Haina Fundi

Katika klabu zetu za Kiswahili umeingia mtindo wa kushona daftari kwa mkono na kulijaza nakshi za wino mweusi: magamba ya samaki, mawimbi, miraba ndani ya miraba, majani yanayofuatana kama siafu. Mtindo wenyewe ni mzuri, nami naupenda. Ninachokipinga ni mafundisho yanayoandamana nao. Tunaambiwa kwamba katika kuchora nakshi hakuna kosa, kwamba mchoraji hahitaji kujua chochote, na kwamba lengo ni kutuliza akili. Upande wa pili wako baadhi ya walimu wetu wanaoona kurasa hizo wakacheka, wakisema ni michezo ya watoto. Makala hii inadai kwamba pande hizo mbili, zinazoonekana kupingana, zina imani moja: zote zinaamini kuwa nakshi haina maarifa ndani yake. Imani hiyo ni ya uongo, na sisi wanafunzi wa Kiswahili huku Kongo ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuikataa.

Mafundisho ya "hakuna kosa" yana asili yake, na ni haki tuitaje. Mapema katika karne hii, Rick Roberts na Maria Thomas, wakazi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, walibuni njia ya kuchora waliyoiita Zentangle. Maria alikuwa fundi wa maandishi ya mapambo. Njia yao ni rahisi kueleza. Unachukua kipande cha karatasi nene cha mraba, inchi 3.5 kila upande, yaani karibu sentimita 9. Unaweka nukta nne pembeni kwa penseli, unaziunganisha kuwa fremu, kisha unapitisha mstari wa kujipindapinda unaoigawa karatasi vipande. Kila kipande unakijaza ruwaza kwa kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba, mstari mmoja baada ya mwingine. Kifutio hakitumiki. Mwishoni unaongeza kivuli kwa penseli. Jina la njia hiyo ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na wapo walimu wanaopitia mafunzo yake na kupewa cheti.

Sina ugomvi na waasisi hao. Walichobuni ni chao, na watu wengi waliojiona hawawezi kuchora wamepata kwao ujasiri wa kushika kalamu. Ugomvi wangu ni na sisi tulioipokea njia yao kama watu waliofika duniani jana. Katika klabu ninayoijua, pendekezo lililo mezani ni kwamba kila mwanachama achange fedha, zinunuliwe karatasi zilizokatwa tayari na kalamu za kutoka nje, na maonyesho ya mwisho wa mwaka yawe ya madaftari yaliyopambwa kwa maelekezo hayo. Majina ya ruwaza yatabaki ya Kiingereza kwa kuwa ndivyo yalivyoandikwa katika maelekezo. Na hii ni klabu ya Kiswahili! Mwanafunzi atakayesimama mbele ya wageni hataweza kuitaja kazi ya mikono yake kwa lugha anayoisomea.

Tuanze na hilo la kukosea. Katika nchi yetu, upande wa Lualaba, na zaidi katika Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia, wanaishi Wachokwe. Wao wana michoro iitwayo sona, ambayo huchorwa mchangani kwa kidole. Fundi husawazisha mchanga, akaweka kwa ncha za vidole safu za nukta zenye nafasi sawa, kisha akapitisha mstari unaozizunguka nukta hizo huku akisimulia hadithi, methali au kitendawili kinachohusu mchoro. Vijana walifundishwa sona nyepesi katika jando, yaani mukanda. Zile ngumu zilikuwa mali ya mabingwa walioitwa akwa kuta sona. Mstari ulitakiwa uende bila kusita. Aliyesimama katikati ya njia kutafuta pa kupita alionekana hajui, na watazamaji walitabasamu kwa kejeli.

Hapo kosa lilikuwapo, lilionekana na wote, na lilikuwa na maana. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuchunguza michoro hii, akaonyesha kuwa ndani yake mna hisabati ya kweli. Msomaji asiyeamini na achukue daftari na biki sasa hivi. Weka safu 3 za nukta, kila safu iwe na nukta 4. Anza mstari wa mshazari unaopita katikati ya nukta mbili jirani; ukifika nje ya safu ya mwisho, ugeuze kama mpira uliogonga ukuta, uurudishe ndani, uendelee hivyo mpaka ufike ulikoanzia. Ukichora sawasawa utakuta mstari mmoja tu umezipitia nukta zote, na kila nukta imebaki katika chumba chake. Sasa jaribu nukta 3 kwa 3. Mstari wa kwanza utafunga kabla hujamaliza, na itakubidi uanze wa pili, kisha wa tatu. Jaribu 4 kwa 6: itahitaji mistari miwili. Kanuni ni hii: idadi ya mistari ni sawa na namba kubwa kuliko zote inayozigawa hesabu za safu zote mbili bila baki. Kwa 3 na 4 namba hiyo ni 1, kwa 3 na 3 ni 3, kwa 4 na 6 ni 2.

Aliyechora mchoro huo amejifunza jambo ambalo hakulijua dakika kumi zilizopita. Amelijifunza kwa sababu mchoro ulikuwa na uwezo wa kumkatalia. Kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba popote mstari uendapo ni sawa, asingegundua chochote, na angeondoka na ukurasa mzuri na kichwa kilekile alichokuja nacho.

Mfano wa pili nao ni wa hapahapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti Emil Torday aliwakuta watoto wa Wabushongo, katika ufalme wa Wakuba huko Kasai, wakichora mchangani michoro ya mistari iliyosukana. Sharti la mchezo wao lilikuwa kuupitia mchoro wote bila kuinua kidole na bila kurudia mstari uliokwisha kupitwa. Watoto walimtaka naye ajaribu, na aliposhindwa walifurahi sana. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Ulaya, aliandika juu ya tatizo la namna hiyo mwaka 1736: mchoro huweza kupitwa kwa mstari mmoja iwapo njiapanda zenye idadi witiri ya mistari hazipo kabisa, au ziko mbili tu. Watoto wa Kibushongo hawakuwa wamemsoma Euler. Walikuwa na mchanga, kidole na sharti. Mwalimu anayecheka na kuita nakshi mchezo wa watoto na akumbuke kwamba ni mchezo wa watoto uliomshinda mtafiti mtu mzima.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna sababu yetu ya ziada ya kulielewa jambo hili. Nani kati yetu alifundishwa utunzi wa shairi la kimapokeo kwa kuambiwa hakuna kosa? Tulihesabu mizani kwa vidole, nane ukwapi na nane utao. Tulitafuta vina mpaka usiku wa manane. Tulipopeleka beti zenye mizani pungufu tuliambiwa wazi kwamba shairi ni guni, na hatukufa. Tulirudi tukalinyoosha. Arudhi ndiyo iliyotufundisha kusikia. Na nakshi ina arudhi yake, tofauti ni kwamba mizani yake huhesabiwa kwa jicho: urari wa nyeusi na nyeupe, marudio yanayorudi kwa wakati wake, pembe inayokutana na pembe, mwisho unaofunga. Ruwaza iliyokosa urari ni guni kama ubeti uliokosa kina, na kumwambia mchoraji hivyo ni kumheshimu.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema: mbona mashairi huru yapo, na Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kujali vina wala mizani? Ni kweli. Lakini aliyevunja arudhi kwa makusudi anajua anachokivunja, na mjadala mkali uliofuata kati ya wanamapokeo na wanausasa uliwezekana kwa sababu pande zote mbili ziliijua kanuni iliyokuwa ikigombaniwa. Asiyejua kanuni havunji kitu, anapita tu. Mchora nakshi naye anaweza kuivunja safu ya nukta, kuuacha mstari wazi, kuharibu urari ili jicho lishtuke. Akifanya hivyo kwa kujua, nitampigia makofi.

Wengine watasema nafanya burudani kuwa mzigo. Je, bao si burudani? Nani aliwahi kuketi kwenye bao akaambiwa kwamba kete yoyote aisogezayo ni sawa? Utamu wa bao unatoka kwenye sheria zake na kwenye hatari ya kushindwa. Toa sheria, kinabaki kibao chenye mashimo.

Lipo pia suala la woga, nalo silidharau. Wapo wenzetu walioonywa utotoni kwamba hawana mkono wa kuchora, wakaiacha kalamu kabisa. Kwao neno "hakuna kosa" linakuja kama dawa. Lakini kumwondolea mtu woga wa kosa ni jambo moja, na kumwondolea kosa lenyewe ni jambo jingine. Mchanga wa Wachokwe ulikuwa na busara kuliko karatasi ya dukani: ukikosea, unausawazisha kwa kiganja na kuanza upya, bila gharama yoyote. Biki na karatasi ya nyuma ya mtihani wa mwaka jana hutoa nafasi hiyohiyo. Anayeogopa aruhusiwe kukosea mara ishirini kwa bei nafuu, kisha ya ishirini na moja ikae sawa, naye ajue kwamba imekaa sawa. Furaha ya namna hiyo haipatikani kwa mtu aliyeambiwa kuwa zote ishirini na moja ni sawasawa.

Na hilo la kutuliza akili? Sipingi mtu kutulia. Mkono ukirudia mstari uleule kwa utaratibu, pumzi nayo hushuka. Kila aliyewahi kusuka mkeka au kufuma kitambaa analijua hilo. Ninachokipinga ni kufanya utulivu kuwa ndiyo thamani yote ya kazi. Tunaambiwa tuchore ili tusahau. Tusahau nini? Karo iliyopanda? Umeme uliokatika usiku wa kuamkia mtihani? Vitabu vitatu vya maktaba vinavyogombaniwa na darasa zima? Mambo hayo hayataki kusahauliwa, yanataka kusemwa. Na daftari lililoshonwa kwa mkono, lisilokaguliwa na mtu, ndiyo mahali pazuri pa kuyasemea.

Hapa ndipo nakshi inapohitaji neno. Mabingwa wa sona hawakuchora kimya. Mdomo ulikwenda na kidole. Kanga, ambayo tumeisoma sote katika somo la utamaduni wa pwani, ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulioko katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kanga huchaguliwa kwa rangi na maua yake, lakini hutumwa na hupokewa kwa jina lake. Mke mwenza haumizwi na pindo. Jina ndilo linalomfikia. Ukurasa wa daftari la nakshi ungeweza kufuata mpango huohuo: pindo la ruwaza yenye kanuni, mji wenye mchoro, na jina linalosema jambo kwa Kiswahili, mstari mmoja ulioutunga mwenyewe. Ukurasa kama huo una mwenyewe, na siku moja utasomwa.

Asije mtu akadhani nawataka wanafunzi wageuke walinzi wa makumbusho, wanakili ruwaza za mababu na kuogopa jambo jipya. Wakuba wenyewe wangenicheka. Vitambaa vyao vya nyuzi za mrafia, ambavyo wanaume hufuma na wanawake hutarizi, vina ruwaza nyingi zenye majina, na kubuni ruwaza mpya kulikuwa sifa kubwa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, chombo ambacho hakikuwa kimeonekana huko. Mfalme hakukijali sana chombo chenyewe. Kilichomvutia ni alama ya matairi mchangani, akaagiza ruwaza hiyo inakiliwe na kupewa jina lake. Aliyezoea kuona kanuni huiona hata katika kitu kigeni, akakichukua akakifanya chake. Basi na sisi tuchukue cha Marekani kama mfalme alivyochukua cha pikipiki. Karatasi ndogo ni wazo zuri. Kwenda mstari mmoja mmoja bila pupa ni wazo zuri. Kutotumia kifutio ni wazo zuri pia, kwa sababu linamlazimisha mchoraji afikiri kabla ya kugusa karatasi. Tuyachukue hayo, tuyape majina, na tuache mlangoni fundisho kwamba hakuna cha kujua.

Tunaweza kufanya nini? Nina mambo manne, na yote hayahitaji mchango wa fedha unaozidi bei ya soda.

Kwanza, daftari tulishone wenyewe kwa vitu vilivyopo. Karatasi 10 za A4 zikikunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 40. Matundu matano kwenye mkunjo, sindano, uzi mnene uliopakwa nta ya mshumaa, na daftari limesimama. Jalada ni boksi la katoni lililofunikwa kwa kipande cha kitenge kutoka kwa fundi cherehani, likabandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Lisifungwe kabla halijakauka, la sivyo litaota ukungu. Pesa ya karatasi za mraba ibaki mfukoni.

Pili, kila ruwaza ipewe jina la Kiswahili na kanuni yake iandikwe pembeni: imeanzia wapi, inajirudia baada ya hatua ngapi, inafungaje. Lugha yetu haina njaa ya msamiati huu. Tuna nakshi, tarizi, pindo, ukili, msuko, mshazari, urari. Pasipo na neno, tulitunge; au tunasomea nini?

Tatu, kila mmoja wetu alete ruwaza moja aliyoipata kwa mtu anayeijua: bibi anayesuka mikeka, fundi wa vikapu, mama anayesuka nywele sokoni. Msusi wa nywele anayegawa kichwa kwa mistari iliyolingana, bila rula na huku akizungumza na wateja wawili, ana mengi ya kumfundisha mchora nakshi. Aulizwe ruwaza inaitwaje katika lugha yake, nani alimfundisha, na mtu akikosea huonekanaje. Swali hili la mwisho lisisahaulike. Atakayejibiwa kwamba haiwezekani kukosea, nitamsikiliza.

Nne, ninawaomba walimu wetu wa fasihi simulizi wapokee daftari la namna hii kama sehemu ya kazi ya uwandani, walisahihishe kwa ukali uleule wanaosahihisha nao beti zetu. Mwalimu aliyezoea kucheka na achukue kalamu nyekundu. Atakapoandika pembeni mwa ukurasa, "Mstari huu haukufunga, rudia," atakuwa amekiri kuwa hapo pana kitu cha kujua.

Pendekezo la mchango litapigiwa kura kabla ya muhula kwisha. Nitalipinga, na ninawaomba wenzangu walipinge nami. Siku ya maonyesho mgeni atasimama mbele ya meza yetu, ataweka kidole juu ya ukurasa, na atauliza, "Hii ni nini?" Aliyefuata maelekezo ya kununua atajibu kwa jina la Kiingereza, kisha ataongeza kwamba ilimtuliza. Mimi nataka pale mezani asimame mtu anayeweza kumwambia mgeni: hii inaitwa hivi, inaanzia hapa, nimefundishwa na fulani, na mara ya kwanza ilinishinda. Kisha amkabidhi mgeni biki na nukta 3 kwa 4, amwachie ajaribu.